Nakala ya Sauti ya Mke Mwenzangu

Mimi na mke mwenzangu tulinuniana miaka kumi na mmoja. Nyumba moja, jiko moja, mume mmoja, na salamu hakuna. Tumekuja kupatana mume keshakwenda zake mchangani. Watu wa Ujiji walicheka mpaka wakashika mbavu. "Leo bi mkubwa na bi mdogo mnapikiana uji! Mbona marehemu mlimnyima raha hiyo?" Nikawa nawajibu, tungepatana akiwa hai nani angemgombania? Mzee yule alipenda kugombaniwa kuliko alivyopenda kula.

Alipomaliza eda mwenzangu akarudi kwao Ilagala, kwenye michikichi ya baba yake, akamue mawese. Mimi nikabaki Ujiji na nyumba na wapangaji. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nikamwambia, "Nenda salama, Muha wewe, utanipunguzia kelele." Akasema, "Na wewe baki salama, Mmanyema, utapata wa kumsema?" Nikarudi ndani. Nyumba kimya. Kweli sikupata wa kumsema.

Sasa watu wawili ambao darasani hawajaingia hata kuomba maji, wataandikianaje? Binti yake akapata dawa. Yuko Dodoma kwa mumewe, mimi ananiita mama mkubwa. Akatununulia simu mbili zinazofanana kama mapacha, akanikalisha chini: "Mama mkubwa, bonyeza hapa, shikilia, sema, achia." Nikabonyeza, nikashikilia, nikamtukana mama yake, nikaachia. Baada ya muda simu ikalia. Mwenzangu huyo, kutoka Ilagala:

"Aloo! Aloo! Dada! Mwidiwe! ... Aloo? ... Mbona kimya? Nakusalimia kwa Kiha hujibu, umeshaanza? Aloo!"

Miaka minne alisema hivyo hivyo. Binti akamweleza, mama, huo ni ujumbe, anayeusikiliza hawezi kukujibu humo humo. Hakukubali. Akisema neno ananyamaza kunisubiri, ndani ya ujumbe, unasikia anavyopumua, unasikia kuni zinapasuka na mawese yanachemka, halafu anakasirika kwamba sijajibu. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka mpangaji anagonga ukuta.

Alinitumia mengine ya ajabu. "Dada, marehemu wetu kanijia ndotoni anadai ugali wa muhogo. Nikamwambia nenda kwa mkubwa, mimi nimechoka. Kafika?" Nikamjibu kafika, nimemrudisha kwako, kasema wangu una mawe. Ujumbe mwingine ni mvua tupu. Alibonyeza akasahau, mvua inapiga bati, anapita huku na huku anasogeza ndoo, anaguna. Huo niliupenda sana, sijui kwa nini. Na mwingine alisema taratibu, bila aloo: "Dada, ile miaka kumi na mmoja, mimi nilikuwa nakuogopa tu." Basi. Hakusema zaidi. Na mimi nilikuwa namwogopa yeye, lakini sikumwambia, nikamtumia matusi ya kawaida.

Binti yake mtu wa akili. Alipokuja likizo akaona tunavyohangaika na simu, akanipeleka kwa mama mmoja mwenye steshenari, hapa hapa njia ya Katubuka. Mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, zamani alikuwa anapiga taipu ofisini. Anaongea kama anasoma tangazo la msiba: "Kwa hiyo, bibi, kwa lugha nyepesi, kila Jumamosi utaniletea simu, nitaichomeka, kompyuta itachukua nakala ya kila kilichomo. Inaitwa bakapu." Mimi nikasema sawa. Jumamosi nikitoka sokoni napita, nakaa kwenye kiti chake cha plastiki, anachomeka waya, tunawasema watu kidogo, anachomoa, naondoka. Nilikuwa kama mgonjwa wa kliniki.

Halafu siku moja niko Kibirizi, ukingoni mwa ziwa, nanunua dagaa. Nimeinama, simu imo kwenye pindo la kanga. Mwanamke muuza dagaa akaniambia neno la kuchekesha, nikacheka, pindo likafunguka. Chubwi. Tanganyika halirudishi kitu, ziwa lile ni refu kwenda chini kama kisima cha shetani. Tukaitoa, maana palikuwa pwani, lakini ilikuwa imekufa. Nililia pale mbele za watu. Wakanidhania nimefiwa.

Binti akatuma simu nyingine. Nikaipeleka kwa mama steshenari. Akachomeka, akabofya bofya, akasema, "Bibi, subiri." Nikasubiri. Akanipa. Nikabonyeza. "Aloo! Aloo! Dada! Mwidiwe!" Zote zimerudi! Hata mvua. Nikamkumbatia yule mama mpaka miwani ikadondoka. Kuanzia siku hiyo niliamini kwamba sauti za mwenzangu ziko kwake, ndani ya lile dude lake, kama nguo ndani ya sanduku. Na nani angenikatalia? Nimeona kwa macho yangu.

Mwenzangu alikufa wakati wa mvua za kwanza. Tumbo. Siku tatu. Jumatatu alinitumia sauti akisema tumbo linamkata, nikamtania kwamba ameiba mihogo ya watu. Jumatano mpwa wake akanipigia. Sisi Waislamu hatukai na maiti. Mpaka nimepata gari, mpaka nimefika Ilagala, nimekuta udongo mbichi na wanaume wananawa mikono.

Binti hakuweza kuja. Alikuwa amejifungua juzi yake, kwa kupasuliwa, yuko kitandani Dodoma. Alinipigia nikiwa matangani, analia. Nikamwambia, "Mwanangu, sauti yake ipo. Ukipona njoo uisikilize, na mtoto asikilize. Ninayo yote." Nilimpa neno langu. Ndilo neno lililonifunga.

Matangani mimi huwa nachekesha, ndiyo kazi yangu tangu ujana. Naiga shehe, naiga mganga, naiga wenyeviti wa mtaa. Pale Ilagala nilimwiga marehemu. "Aloo! Mbona kimya?" Wanawake wanalia wanacheka, wanasema, "Huyu ndiye, ndiye kabisa, rudia!" Narudia. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka siku ya arobaini nilipokwenda tena. Rudia, mama, rudia.

Arobaini ikafika, kisomo kikasomwa, watu wakala pilau. Baada ya hapo vitu vya marehemu hutolewa nje na kugawiwa. Wakatandika mkeka uani, wakaleta kanga zake, sufuria, jembe, kibuyu cha mawese, ile simu yake. Shangazi yao, bibi kizee kuliko mimi, amekauka kama samaki mgebuka wa moshi, akasimama na fimbo. Sauti yake inatokea puani: "Vitu vya marehemu havilali tena ndani! Aliye na kitu chake nyumbani kwake akitoe! Tumwache apumzike!" Kanga moja nikapewa mimi, nikampa mjukuu wa jirani kama inavyotakiwa. Simu akapewa mpwa. Kila kitu kikapata mtu, mkeka ukakunjwa.

Nikarudi Ujiji na lile neno kichwani. Aliye na kitu chake akitoe. Mimi ninacho. Ninalala nacho chini ya mto. Na kusema kweli kilikuwa kinanitesa. Mikono ya kizee haitulii; nataka kumpigia mtu, nabonyeza pasipofaa, mara, "Aloo! Mbona hunijibu?" Na mimi najibu! Nimesimama jikoni na mwiko najibu, "Nipo, mdogo wangu, nipo." Halafu nakumbuka. Ikawa kila siku ananifia upya, na ugali unaungua.

Nikamwita mpangaji wangu. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, ndiye huyu anayeandika haya maneno wakati mimi naongea. Andika, mwalimu, usijifiche. Nikamwambia zitoe sauti zote za mke mwenzangu humu ndani. Yeye anaongea na watu wote kama watoto wake wa shule: "Bibi. Zo-te? U-na uha-ki-ka? Tumeelewana?" Nikamwambia tumeelewana, zipo kwa mama steshenari, hapa natoa tu nyumbani, kule ziko sandukuni. Akasema hata simu yenyewe inauliza kama una uhakika. Nikamwambia, "Iambie bibi anajua anachofanya." Akabonyeza.

Usiku ule nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nililala vizuri.

Jumamosi nikapeleka simu kama kawaida. Jumamosi nyingine tena. Nachomekewa, nachomolewa, tunawasema watu, narudi. Miezi ikaenda namna hiyo, na kila nikitoka pale nina amani, najiambia mwenzangu yuko salama kwenye lile dude.

Kiangazi kilipoingia binti akapiga. Mtoto ameanza kukaa, yeye amepona, anakuja. "Mama mkubwa, nakuja kumsikia mama. Nimekaa nangoja siku hiyo tu." Nikafunga kanga, nikaenda steshenari, haikuwa hata Jumamosi.

"Mama, nipe sasa zile sauti za mke mwenzangu. Mwenyewe anakuja."

Akavaa miwani. Akatazama kompyuta. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Nikajua.

"Bibi, kwenye simu yako hakuna."

"Kwenye simu nimezitoa. Nataka za huko kwako."

"Huku kuna kilichomo kwenye simu."

"Na zile?"

"Ulizitoa lini?"

Nikamwambia baada ya arobaini. Mle steshenari mlikuwa na mtu anatoa kopi ya cheti, mashine inalia chwa, chwa, chwa. Kisha akaanza kunieleza, na namshukuru, hakunieleza kwa ukali.

"Kwa hiyo, bibi, kwa lugha nyepesi. Bakapu ni ya simu iliyo hai. Simu ikiharibika leo, nakurudisha ulipokuwa Jumamosi iliyopita. Basi, ndiyo kazi yake. Jumamosi mpya inakaa juu ya Jumamosi ya zamani. Ulichoongeza kinaongezeka, ulichotoa kinatoka. Kompyuta haijui hiki cha marehemu na hiki cha aliye hai."

"Mbona siku ile ya ziwani ulizirudisha?"

"Siku ile simu ilikufa ikakupotezea. Safari hii hukupotelewa, bibi. Ulitoa mwenyewe."

"Sasa kitu ambacho mtu amemaliza nacho, hataki kukiona nyumbani, lakini hataki kipotee, kinakwenda wapi?"

"Hicho ni akaivu. Hicho unaniambia, nakiweka pembeni peke yake, nakifunga, nakiandika jina, Jumamosi haikigusi. Hata simu yako ikifa, hata ukifuta, hata wewe mwenyewe usipokuwepo, kipo. Ni kitu kingine kabisa. Hukuniambia akaivu."

"Ningelijulia wapi neno hilo?"

Lakini nilikuwa nimeshaelewa, hata kuliko alivyonieleza. Kumbe bakapu ni mke mwenza. Mkubwa akiugua anashika zamu, nyumba isilale njaa. Lakini ukitaka mtu wa kukutunzia marehemu wako, hiyo si zamu yake. Sikumwambia, angecheka, na sikutaka mtu acheke.

Yule mama alihangaika, sitamsingizia. Alibeba kompyuta nzima kwenye bajaji mpaka Kigoma mjini kwa fundi. Fundi akakaa nayo siku mbili. Jibu likaja kwamba mahali pale zilipokuwa zile sauti pamekwisha kuandikwa vitu vingine juu yake. Nikauliza vitu gani? Nikaambiwa kadi za harusi na mitihani ya darasa la nne.

Nikampigia mpwa wa Ilagala, yule aliyepewa simu ya marehemu. Maana sauti alizonitumia si zilitokea kwake? Kijana mpole, anaongea kama anaomba msamaha hata akisalimia: "Shikamoo mama mkubwa. Samahani, mama mkubwa. Ile simu nilisafisha kila kitu kabla ya kuitumia. Shangazi mzee si alisema tumwache apumzike? Samahani sana, mama mkubwa." Nikamwambia hujakosa, mwanangu. Na kweli hakukosa. Kule wamesafisha kwa heshima, na huku nimesafisha kwa heshima. Tumemheshimu mpaka ameisha.

Binti akafika kwa treni, mtoto mgongoni. Msichana, kapewa jina la bibi yake, ana mashavu kama maandazi ya Idi. Nilimpokea, nikampikia, nikamwogesha mtoto, nikazungumza habari zote za mji, nani kaolewa, nani kaachwa, ilimradi siku iende. Alikula kidogo. Alipomaliza kunawa akakaa kwenye mkeka, akamweka mtoto mapajani, akamgeuza uso atazame simu yangu. Akasema, "Haya, mama mkubwa. Tuko tayari."

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga kuzunguka, nikashindwa, nikasema moja kwa moja: hazipo, nimezifuta mimi, nilidhani ziko steshenari, haziko.

Hakulia. Alimtazama mtoto tu. Baadaye akasema, "Mimi nimebadilisha simu mara tatu, mama mkubwa. Zangu sikuhangaika nazo. Nilijua za kwako zipo."

Yaani na yeye alikuwa ananitegemea mimi kama nilivyomtegemea mama steshenari. Sote tulikuwa tumeweka mizigo mlangoni kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi, kizee nisiyejua hata kusoma jina langu.

Nikaona nifanye ninachokijua. Nikakohoa, nikakaza koo, nikapandisha sauti mwishoni kama Waha wa Ilagala wanavyopandisha. "Aloo! Al..."

Akaniwekea mkono mdomoni. Kwa upole, kama anavyomfunika mtoto.

"Usiniigizie, mama mkubwa. Tafadhali. Bado ninamsikia kidogo. Nikishakusikia wewe, nitakuwa nakusikia wewe."

Nilitaka kumwambia huo ni upuuzi, mbona matangani wote walisema ndiye kabisa? Lakini nikajaribu kimoyomoyo, pale pale nimekaa, kumsikia mwenzangu anasema lile neno lake la utulivu, kwamba alikuwa ananiogopa. Maneno yakaja yote. Sauti ikaja yangu. Ile ya kuigiza, niliyoirudia Ilagala siku baada ya siku, rudia mama, rudia. Nikajaribu mvua na ndoo. Anayeguna ni mimi.

Sikumwambia binti. Angefanya nini?

Alikaa siku nne. Tulikwenda Ilagala kaburini, tukarudi. Hatukugombana, wala hakunilaumu, ningependa anilaumu kidogo. Siku ya kuondoka alinishika mkono stesheni akasema, "Mama mkubwa, usijiumize, hukujua." Binti mzuri. Lakini zamani alikuwa akiondoka ananiambia atarudi lini. Safari hii hakusema.

Alipofika akanitumia sauti. "Mama mkubwa, tumefika salama. Mtoto amelala." Imekwisha. Nikaipeleka steshenari siku hiyo hiyo, nikamwambia mama, hii iweke akaivu. Akashusha miwani, "Hii? Ya kufika salama?" Nikasema hiyo hiyo. Akaiweka pembeni, akaifunga, akaiandika jina, akanionyesha kwa kidole ingawa anajua sisomi.

Nyumbani nimeiacha pia. Naifungua asubuhi nikiwasha jiko, naifungua tena jioni, naweka simu sikioni kabisa. Namtafuta mama yake humo. Namtafuta kwenye "salama", namtafuta kwenye "amelala", labda pumzi, labda mwisho wa neno utapanda kidogo. Haupandi. Binti yule sauti kachukua ya baba yake.